Mayimoto Hakuna Kulala Chini

Watu wa Baraka wanasema mama mkubwa Rehema ana kiburi. Eti hamwinamii mtu. Kweli, akifagia uwanja anatumia fagio lenye mpini mrefu alioutia mwenyewe, wakati wanawake wengine wa mtaa wanafagia wamejikunja na njiti zao mkononi. Kitu kikimwanguka sokoni, anakiangalia tu, kisha anaendelea na safari yake. Mimi neno hilo kiburi limenichosha. Kila anayelitamka natamani nimkalishe kwenye kiti, nifunge mlango, nimweleze habari hizi kuanzia mwanzo, na asinyanyuke mpaka nimalize.

Rehema ni dada mkubwa wa mama yangu, Nuru. Ni mabinti wa mzee Assani, mvuvi, wa ukoo wa Kiislamu uliokaa kando ya ziwa hili tangu zamani. Mama yangu ni mfupi, mpole na mwoga. Rehema ni mrefu, mkali, na hajui kusema jambo kwa kuzunguka. Aliolewa, akaachika mwaka uleule. Anasema mwanamume yule alikuwa analala sana. Baada ya hapo alifanya kazi moja tu: kwenda Mayimoto kuchimba magadi.

Mayimoto ni kisiwa kidogo cha mawe meusi, nyuma kabisa ya Ubwari, mbali kiasi kwamba ukiwa Baraka hukioni hata siku ya anga safi. Wazee wanasema ulikuwa mlima wa moto, ukazama, kikabaki kichwa. Hakuna mti wa maana, hakuna nyumba. Katikati kuna shimo pana, na ndani yake maji ya moto yanatoka kwenye nyufa za mawe. Yakikauka yanaacha magadi meupe, yale ambayo mama yeyote kuanzia Kazimia mpaka Kilembwe anayataka ili maharage yalainike na mboga ngumu ilegee. Kisiwa kile kimelisha familia nyingi.

Kimeua wengi pia. Pamoja na maji ya moto, ardhini hutoka mazuku, yaani hewa mbaya. Haina rangi, haina harufu, na kwa kuwa ni nzito, inajaa shimoni kama maji kwenye beseni. Alfajiri, upepo ukiwa bado umelala, inafika kiunoni. Upepo ukianza, inashuka mpaka magotini. Aliyesimama anavuta hewa nzuri na kufanya kazi yake. Aliyeketi, aliyechutama, aliyeinama kuokota kitu, anavuta mara mbili tatu, miguu inaisha nguvu, basi. Shimoni kule utakuta ndege wamekauka, panzi, hata nyoka, hakuna aliyewagusa.

Kwa hiyo wanawake wa magadi walikuwa na sheria zao, na mama mkubwa ndiye alikuwa mlinzi wa sheria hizo. Wanalima magadi kwa majembe ya mipini mirefu, wamesimama wima. Kabla ya kushuka, kuku anatangulia: anafungwa ndani ya kikapu, kikapu kinaning'inizwa kwenye mti mrefu, kinashushwa mpaka usawa wa kiuno. Kuku akirudi anapiga kelele, wanashuka. Akirudi kimya, wanangoja upepo. Mwanamke anayetaka kuanza kazi anapimwa kwanza Baraka, kwenye mchanga, kwa mpini wa jembe. Kidevu kisipopita mpini, arudi nyumbani kukaanga ndagala, dagaa wa kwetu. Halafu kuna sabuni. Mama mkubwa anatembea na mgeni huyo, wanaongea habari za watoto na bei ya unga, na katikati ya maneno anaangusha kipande cha sabuni. Mgeni akiinama kukiokota, hata kama ni kwa heshima, safari yake imekufa hapohapo. Wengine walirudia jaribio hilo mara nne, mara tano, wakilia kwa hasira. Katika miaka ishirini ya mama mkubwa, hakuna mwanamke aliyefia Mayimoto. Hata mmoja. Kumbuka hilo, maana wakubwa hawakulikumbuka.

Vita ya kwanza ilipita mwaka 1996. Mama yangu alikuwa na mimba ya kwanza; akajifungua kwa kupasuliwa, mtoto hakuishi, likabaki kovu kutoka kitovuni kushuka. Vita ya pili ilikuja mwaka 1998, na wakubwa wapya wakakaa Baraka huku wapiganaji wa Mai-Mai wakiwa milimani, na sisi wengine tukiwa katikati kama karanga kwenye kinu. Baba yangu alikuwa amekwenda Misisi kuchimba dhahabu. Njia ikafungwa nyuma yake. Alikuwa ameondoka bila kujua kwamba ameniacha tumboni.

Katikati ya mwaka 1999, mkunga Immaculée alimpima mama, akamwita Rehema pembeni. Akamwambia wazi kwamba mtoto amekaa vibaya na kovu ni jembamba. Bila kisu mama na mtoto watakufa wote wawili. Na kisu kilikuwa wapi? Hospitali ilikwisha kuporwa mpaka milango. Vitanda viliondoka, dawa ziliondoka, daktari aliondoka. Nikifikiria hilo bado damu inanichemka. Watu wazima, wenye akili na mama zao, walibeba meza ya kupasulia wanawake, wakaenda kuifanya nini?

Kisu kilikuwa ng'ambo, Kigoma. Lakini mitumbwi ya kwenda ng'ambo ilipigwa marufuku, na boti ya askari ilikuwa inazunguka ziwani. Waliokamatwa walirudishwa au hawakurudishwa. Mahali pamoja tu boti ile ilikuwa haikaribii, kwa kuogopa mawe: Mayimoto. Na kundi moja tu liliruhusiwa kwenda mbali hivyo kwa karatasi ya bandari: wanawake wa magadi, kwa sababu hata wakubwa hula maharage.

Mama mkubwa alipanga hivi. Rashidi, binamu yao aliyehamia Kigoma na kununua samaki kwa boti ya mota, apite Mayimoto siku ya Alhamisi, saa sita mchana, kama mnunuzi wa magadi. Nuru atakwenda na wanawake watano, amevaa vitenge vitatu kuficha tumbo, ameshika jembe. Watachimba kidogo, Rashidi atafika, Nuru atapanda boti. Wanawake watano watarudi na kusema wa sita alikuwa na homa hakwenda. Ujumbe ulipelekwa kwa wauza samaki, na jibu likaja: Rashidi amekubali, mara moja tu, hawezi kurudia.

Lilibaki tatizo la mama yangu mwenyewe. Kwa mpini wa jembe alipita kidogo sana, na kwa sabuni alishinda siku ya pili. Tatizo lilikuwa mlio. Kwa miaka mitatu mwili wake ulikuwa umejifunza jambo moja: bunduki ikilia, lala chini. Watu wote wa Fizi na Baraka tulifundishwa hivyo, mpaka wazee, mpaka mbuzi. Mlango ukigongwa kwa nguvu, mama yangu alikuwa ameshafika sakafuni. Mama mkubwa akaanza kumfundisha upya. Kwa wiki mbili alimnyemelea nyuma ya nyumba na kupiga sufuria kwa mwiko. Nuru anaanguka, tumbo na yote. 

"Simama, we! Simama!"

"Yaya, si mi. Ni magoti," mama anajibu; yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Basi ambia magoti yako ile mambo ya Baraka ibaki Baraka."

Majirani walisema binti wa Assani ameingiwa na wazimu, anamtesa mjamzito. Mpaka siku ya kumi na mbili mama yangu alisikia sufuria, akatetemeka, akabaki wima. Mama mkubwa alilia kwa furaha, jambo ambalo halifanyi ovyo.

Sasa tuje kwa Wilfried. Huyu alikuwa mkuu wa usalama wa bandari, ameletwa na vita ya pili kutoka mbali. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa, na kuogelea alikuwa hajui. Mama mkubwa alikwenda kwenye ofisi yake kuchukua karatasi ya safari kama kawaida. Wilfried akauliza kisiwa kina nini, wanawake wangapi, wanakaa saa ngapi. Alikuwa anaandika kila neno. Mwishoni akasema hataruhusu tena bamama waende bila mpango wa usalama, na kwamba amekwisha kuuandika, vipengele saba. Akavisoma kwa sauti. Kipengele cha tano kilisema hivi: ukisikika mlio wowote wa bunduki au wa mota, wote walale chini mara moja mpaka waamriwe kuinuka.

"Mukubwa," mama mkubwa akasema, "hii ya tano inaweza kutuua."

"Mama, mi ni musoda, askari wa miaka kumi na mbili. Risasi ikilia, muntu analala chini. Ata mutoto anajua."

"Huku Baraka, ni vile. Kule Mayimoto kulala chini njo kufa. Hewa ya chini iko mubaya."

"Hewa!" Wilfried akawageukia makarani wake wawili, na wao, kwa kuwa mshahara ulitoka kwake, wakacheka. "Bamama ya Baraka banaogopa hewa, habaogope risasi."

Kuuliza si ujinga. Angeuliza tu. Alikuwa na mwanamke mbele yake aliyekwenda kule miaka ishirini, naye hajawahi kuona hata jiwe moja la kisiwa kile. Hakuuliza.

Hapo mama mkubwa akakosea, nami sitamficha. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa kipande cha sabuni, akakiangusha sakafuni. Kikateleza mpaka kwenye kiatu cha Wilfried. Yule bwana, kwa adabu ya nyumbani kwao, akainama, akakiokota, akamnyooshea.

"Mukubwa," akasema mama mkubwa, "we umekufa sasa hivi. Na karatasi yako iko mukononi."

Karani mmoja akacheka, na safari hii haikuwa kwa mshahara. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mtu mwenye bastola kiunoni ukimfanya achekwe na makarani wake, kicheko ni cha siku moja, kulipiza kwake ni kwa mwaka mzima. Wilfried hakupiga kelele. Alikaa, akachukua kalamu, akaongeza kwamba safari ya Alhamisi itasindikizwa na askari wawili, kwamba wasindikizaji wasiwe mbali na wanawake kwa zaidi ya hatua kumi, na kwamba yeyote atakayevunja kipengele chochote atajibu mbele yake. Akapiga muhuri. Wanawake sita wakaitwa, wakatia kidole gumba kwenye wino mmoja baada ya mwingine. Mama yangu naye alitia, vitenge vitatu mwilini.

Habari ya askari, mama mkubwa alisema itatafutiwa dawa kulekule; kuahirisha haikuwezekana. Rashidi alikuwa amekwisha kupanga, na Immaculée alisema mtoto hatangoja siku kumi.

Alhamisi waliondoka kukipambazuka, mtumbwi wenye mota ndogo, wanawake sita, kuku mmoja, askari wawili. Mkubwa wao alikuwa kaplari, yaani koplo, jina lake Dieumerci. Namtaja kwa jina kwa sababu hakuwa mtu mbaya, na hakuna mwingine anayemtaja. Alikuwa mcheshi. Alimsaidia mama yangu kupanda, akamwita "mama kijana", akaomba wamwekee magadi kidogo ampelekee mama yake. Karatasi ya vipengele saba aliiweka kwenye mfuko wa plastiki ndani ya shati, isilowe.

Njiani mama mkubwa alimweleza kila kitu kilichoelezeka. "Kaplari, saa sita kuna mununuzi atakuya na mota. Ni muntu wetu. Usipige. Na kule shimoni, ata kitu gani, usilale, usikae."

"Hakuna shida, mama," akasema. Anastasie, Mkatoliki mwenye ulimi mwepesi ambaye alikuwa rafiki mkubwa wa mama mkubwa, alimrudishia maneno yaleyale mara ya pili, na Dieumerci akacheka akasema amesikia, yeye si kiziwi.

Walifika saa nne. Askari wa pili akabaki ufukoni na mtumbwi. Upepo ulikuwa umechelewa. Kuku akashushwa, akarudi amelegea shingo, wakampepea mpaka akazinduka, wakangoja. Mara ya pili kuku alirudi anapiga kelele za kutukana ukoo mzima, na wanawake wakashuka. Mama mkubwa alimweka Nuru kwenye mteremko, juu kidogo, aegemee mpini. Alimwomba Dieumerci abaki naye kwenye jiwe la juu, apate kuona ziwa lote. Dieumerci akapapasa shati lake palipokuwa na karatasi, akasema hatua kumi. Akashuka mpaka katikati ya shimo. Aliogopa kujibu mbele ya Wilfried kuliko kitu alichoambiwa na wanawake.

Rashidi hakufika saa sita. Alifika saa tano na nusu, maana naye alikuwa mwoga wa boti ya askari. Mota ikasikika nyuma ya mawe.

Dieumerci hakufikiri. Miaka ya jeshi na kipengele cha tano vilifikiri badala yake. "Lala chini! Bote, lala chini!" akapaza sauti, akajitupa kifudifudi juu ya magadi, akafyatua risasi moja hewani.

Wanawake wanne walibaki wima. Anastasie alikunja magoti, akatukana, akanyooka. Mama yangu, ambaye sufuria ilikuwa haimwangushi tena, aliangushwa na risasi. Hakumbuki kuanguka. Aliteleza mteremkoni, akafika chini, uso kwenye mawe meupe, mimi ndani yake.

Mama mkubwa alikuwa hatua tano. Alinyoosha jembe, akashika fundo la vitenge kwa ubapa wake, akavuta. Fundo likafunguka, vitenge vikaja vyenyewe. Basi alivuta pumzi kubwa akiwa wima, akafunga mdomo, akainama. Baada ya miaka ishirini, aliinama. Akamshika mdogo wake makwapani, akamwinua, akapanda naye mteremko mzima kwa pumzi hiyo moja mpaka juu ya mwamba, akaanguka naye kwenye upepo.

Alipogeuka, Dieumerci alikuwa amelala vilevile, shavu moja juu ya magadi, kama mtu aliyejipumzisha baada ya chakula. Anastasie na wengine watatu walikuwa wamekwisha kuingiza majembe kwenye mkanda wake, wanamburuta huku vichwa vyao viko juu. Walimfikisha mwambani. Wakampiga makofi, wakammwagia maji, Anastasie akampulizia pumzi mdomoni mpaka akatapika yeye mwenyewe. Kaplari hakuamka.

Kuna watu hapa Baraka wanaouliza mpaka leo kwa nini Rehema hakuanza na askari. Nawauliza wao: pumzi moja inabeba wangapi? Na kama angembeba yeye, mimi ningekuwa wapi, na ninyi mngesema nini? Mngesema amemwacha mdogo wake afe. Midomo yenu haina kazi nyingine.

Rashidi alizima mota akakaa mbali, akidhani amekwisha. Halafu akaona wanawake wamesimama juu ya mwamba wakipunga mikono, akakaribia. Askari wa pili alitazama maiti ya mwenzake, akamtazama mama yangu aliyekuwa anapumua kwa shida, tumbo lote nje sasa bila vitenge vya kulificha. Akaweka bunduki chini.

"Mupelekeni," akasema. "Mi sikuona mutu."

Mama yangu alipakiwa. Akamshika dada yake mkono, hataki kuuachia. "Yaya, panda. Twende bote. Batakuua."

"Nikienda, Anastasie na bale bengine njo batalipa. Batoto yao iko Baraka. Na baba je?" Akamtoa vidole kimoja kimoja. "Enda uzae."

Mtumbwi ulirudi na wanawake watano, maiti, na askari wa pili, ambaye alitaja mota na risasi tu. Wilfried alikuwa gatini. Hakumuuliza mtu kama ameumia. Alimkuta kaplari hana jeraha hata moja, akapeleka wanawake wote ofisini, akaweka karatasi yake mezani, akasoma kipengele cha tano kwa sauti.

"Mulisikia mota. Mulisikia risasi. Kaplari alitii, amekufa. Nyinyi hamukutii, muko bazima. Maana yake mulijua."

"Tulijua," akasema mama mkubwa. "Na we pia. Mi nilikuambia, hapa hapa, mbele ya hawa."

"Uliniambia? Iliandikwa wapi?"

Makarani wawili waliangalia madirisha. Hakuna aliyekuwa ameandika neno la mwanamke. Wilfried aliandika kila kitu siku ile, saa, mtumbwi, kuku, lakini kitu kimoja kilichofaa hakukiandika, na kwa sababu hakukiandika basi hakikusemwa. Hiyo ndiyo akili iliyokuwa inatutawala! Akaandika tena: kaplari ameuawa kwa uchawi au kwa sumu, mhusika Rehema Assani, na mwanamke wa sita ametoroka kwa msaada wake. Wanne akawaachia baada ya siku mbili. Mama mkubwa akatiwa buloko, chumba cha nyuma ya ghala la bandari, dirisha la kiganja kimoja.

Alikaa miezi mitatu. Mzee Assani alikwenda kila Ijumaa kumwombea kwa Wilfried, akasimamishwa juani na kurudishwa. Anastasie alipeleka chakula, akimpitishia dirishani, na ni yeye aliyemletea habari ya karatasi mpya. Wakubwa wa juu walikuwa wameuliza kuhusu kifo cha kaplari. Wilfried akatuma ripoti ndefu, na baada ya ripoti hiyo karatasi ikabandikwa gatini, vipengele vinane sasa. Cha nane kilisema: kwenye kisiwa cha Mayimoto ni marufuku kulala, kuketi au kuinama, kwa sababu ya hewa mbaya. Chini yake sahihi ya Wilfried na muhuri. Kabla ya kila safari wanawake wa magadi walipangwa mstari ufukoni, na karani akawasomea kipengele hicho kana kwamba hawajawahi kukisikia. Walitakiwa kujibu kwa pamoja, "Asante, Mukubwa." Wilfried alisifiwa kwa ugunduzi huo. Nasikia alipandishwa cheo.

 

Wiki iliyofuata Anastasie alirudi anakimbia, na habari nyingine kutoka kwa wauza samaki. Nuru alifika Kigoma akiwa amelala kwenye nyavu za Rashidi, akapasuliwa siku hiyohiyo. Mtoto ni wa kike. Mama na mtoto wote wazima. Nuru yuko kambi ya wakimbizi, amepewa hema, na ameagiza hivi: anajua Yaya amefungwa kwa ajili yake, hawezi kula, anarudi Baraka na mtoto mgongoni kusema ukweli mbele ya Wilfried.

Mama mkubwa alicheka kwanza, Anastasie anasema, kicheko cha kweli, akauliza kama mtoto ni mrefu. Halafu akashika vyuma vya dirisha kwa mikono miwili.

"Umuambie asirudi," akasema. "Umuambie ni mi nimekataza. Huyo mutoto asikanyage Baraka mpaka hawa batu baache kutulinda."